Siku barafu ilipoachia chini ya miguu ya rafiki yangu

Rafiki yangu alipokuwa hai, kisa hiki kilikuwa chake. Kila alipokutana na mtu anayejiandaa kuvua juu ya ziwa lililoganda kwa mara ya kwanza, alimketisha na kumsimulia yote, kuanzia tundu la kwanza la asubuhi hadi viatu vilivyoganda jioni, na hakumwachia aondoke kabla hajamwonyesha namna mtu anavyojivuta kutoka majini. Mimi kazi yangu ilikuwa kuitikia tu: kweli, ndivyo ilivyokuwa. Sasa amefariki. Maradhi ndiyo yaliyomchukua, si maji, na siku ile hapakuwa na mtu wa tatu. Kwa hiyo nimeona niiandike mimi, kama ilivyoonekana kutoka upande wa yule aliyebaki juu ya barafu.

Alikuwa amenizidi umri, nami nilimwita kaka. Yeye ndiye aliyenifundisha uvuvi huu. Kwa asiyeujua, si uvuvi wa kutupa mshipi mbali. Unatoboa barafu kwa keekee ndefu, unaondoa chembe za barafu kwa upawa wenye matundu, kisha unashusha mshipi wima, moja kwa moja hadi karibu na tope la chini. Maji huwa mazito kuliko yote yanapofika nyuzi 4 za Selsiasi, hivyo yale ya nyuzi 4 huzama na yale yanayokaribia kuganda hubaki juu. Ndiyo maana ziwa huanza kuganda kutoka juu, na ndiyo maana samaki wengi msimu huo hukaa chini. Wanajongea polepole na wanauma kwa kugusa tu. Ukiwa na pupa utaona ncha ya ufito ikitikisika, uvute, usipate kitu. Kaka aliupenda utulivu huo kuliko hata samaki wenyewe. Angeweza kukaa na tundu moja saa nzima bila neno, kisha akatabasamu peke yake.

Asubuhi ile tulifanya kila kitu kama alivyozoea. Kila mmoja alivaa misumari yake ya shingoni: vishikio viwili vya mbao vinavyoenea mkononi, kila kimoja kikiwa na ncha ya chuma, vimeunganishwa kwa kamba inayopita nyuma ya shingo. Kaka hakukanyaga barafu mpaka nilipoichomoa yangu mbele yake nikiwa na glavu. Kwenye bega langu nilikuwa na mfuko wenye kamba nyepesi inayoelea. Yeye alitangulia na mtaimbo mkononi, akipiga barafu kila hatua chache, mimi nikamfuata kwa umbali wa kama meta 10. Watu wawili hawatembei bega kwa bega barafuni, hata kama wana mengi ya kuzungumza. Uzito unatawanywa, na likitokea la kutokea, mmoja anabaki salama.

Hapa niseme kuhusu unene, kwa sababu ndilo swali la kwanza la kila mgeni. Barafu ngumu iliyo angavu, ile inayoonekana nyeusi kwa sababu unaona maji chini yake, ikifika sentimita 10 huhesabiwa kuwa inambeba mtu anayetembea kwa miguu. Barafu nyeupe, iliyotokana na theluji iliyolowa ikaganda tena, ina nguvu kama nusu ya hiyo, hivyo idai unene mara mbili. Ukitoboa ukakuta tabaka za aina zote mbili, usizijumlishe kana kwamba ni kitu kimoja. Namba hizo nazo ni za pale ulipotoboa tu. Ziwa halina unene mmoja. Penye chemchemi, penye mkondo, kando ya matete, kuzunguka nguzo za gati na magogo yaliyozama, barafu inaweza kuwa robo ya ile uliyoipima muda mfupi uliopita. Na mwishoni mwa msimu jua huilegeza barafu ikawa vijiti vilivyosimama wima, vimeshikana kwa shida. Wakati huo inaweza kuonekana nene bado, na mtaimbo ukapenya kwa pigo moja.

Jambo jingine linalowababaisha wageni ni mlio. Barafu inapotanuka na kusinyaa hutoa sauti za kutisha: inavuma, inapasuka kwa mlio mrefu unaokimbia kutoka ufuko mmoja hadi mwingine. Mara ya kwanza nilipousikia nilitaka kukimbia. Kaka alinieleza kwamba barafu nene yenye afya ndiyo yenye kelele, na kwamba ile iliyooza mara nyingi iko kimya. Niliyashika maneno hayo, na mchana wa siku ile nikayaona kwa macho.

Mpaka saa sita samaki walikuwa wanauma. Kisha wakaacha, kama wanavyofanya mara nyingi, na tukahamisha matundu bila faida. Kaka akakumbuka mdomo wa mto ulioingia ziwani upande wa pili wa rasi. Maji ya mto huleta hewa ya oksijeni na chakula, na samaki hukusanyika pale. Ubaya ni kwamba maji yaleyale yanayowavuta samaki ndiyo yanayoila barafu kwa chini. Tulilijua hilo wote wawili. Hatukukusudia kukaribia mdomo wenyewe, tulitaka kusimama mbali kidogo, na palikuwa na alama zilizotutuliza: nyayo za watu na mchirizi wa sleji, yaani ule mkokoteni usio na magurudumu unaoburutwa juu ya theluji. Tukazifuata. Mtaimbo ulikuwa umelazwa ndani ya sleji yetu, kwa kuwa mkono wa kaka ulikuwa umechoka, na kamba ya sleji aliizungusha kiunoni ili mikono iwe huru.

Nyayo zile zilikuwa za siku za nyuma. Tangu hapo theluji ilikuwa imeanguka, na theluji ni blanketi: inaizuia baridi isishuke kuiongezea barafu unene, huku mkondo chini ukiendelea na kazi yake. Tena inaficha rangi. Bila theluji ile tungeliona doa jeusi mbele yetu tukalizunguka. Nikipata wa kunisikiliza katika haya yote, ningependa asikilize hapa: alama za waliopita zinakuambia walipita, hazikuambii chochote kuhusu barafu iliyopo sasa.

Hakukuwa na mlio wowote. Kaka alikuwa anageuka kuniambia kitu, akashuka. Maji yalimfunika kichwa, kofia ikabaki inaelea, kisha akaibuka akivuta pumzi kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mwingine. Mwili ukikutana ghafla na maji ya baridi kali huvuta hewa wenyewe bila kukuuliza, na mdomo ukiwa chini ya maji wakati huo, unavuta maji. Kisha pumzi zinaenda mbio, fupifupi, na mtu anahisi anakabwa. Wengi hudhani baridi huua kwa kugandisha mwili. Kumbe wako wanaozama katika dakika hiyo ya kwanza, kabla mwili haujapoa hata kidogo.

Mimi nilikuwa tayari nimeanza kwenda kwake. Miguu ilijiendea yenyewe. Yeye, katikati ya pumzi zile, akainua kiganja na kutoa neno moja lililokatikakatika: "Lala!" Nikajitupa kifudifudi. Mpaka leo nikilifikiria neno lile naona ndilo lililotuokoa wote wawili, maana nilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye barafu ileile, nimesimama na uzito wangu wote juu ya miguu miwili.

Daktari Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, ambaye ametumia miaka mingi kuchunguza mwili wa binadamu ndani ya maji baridi, ndiye aliyeeneza hesabu ya 1-10-1. Dakika 1 ya kuidhibiti pumzi. Dakika 10 hivi ambazo mikono na miguu bado inakutii. Saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa sababu ya mwili kupoa, mradi kichwa kiwe juu ya maji. Hesabu hizo ni za kukadiria, lakini zinampa mtu mpangilio wa kufikiri pale ambapo akili inataka kupiga kelele. Kaka alikuwa amezikariri. Aliniambia baadaye kwamba dakika ya kwanza hakufikiria kutoka kabisa. Alishika ukingo, akafikiria kupumua nje, polepole, mara nyingine tena nje. Hakuvua koti wala viatu. Nguo nzito hazikuzamishi mara moja kama watu wanavyoamini; hewa iliyonaswa ndani yake hukusaidia kuelea mwanzoni.

Kazi yake ya pili ilikuwa ile kamba ya kiunoni. Sleji ilikuwa imeteleza hadi ukingoni na kuinamia majini, nayo inamvuta. Ilimchukua muda kuifungua, muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko asubuhi nzima, na ilipoachia, sleji ikazama na keekee, mtaimbo, fito, kila kitu. Usijifunge sleji mwilini kwa fundo. Ishike kwa mkono, au tumia mkanda unaofunguka kwa mvuto mmoja.

Kisha akageuka kuelekea alikotoka. Hili nalo linahitaji kufundishwa, maana macho yanataka kwenda mbele, kwenye ufuko unaoonekana. Lakini barafu ya nyuma ndiyo iliyokubeba sekunde chache kabla. Akachomoa misumari, akaikita mbele kadiri mikono ilivyofika, akaanza kupiga miguu nyuma yake kama mtu anayeogelea, mpaka mwili ukalala sambamba na maji. Ukining'inia wima, miguu inaingia chini ya barafu na huwezi kupanda. Alipopanda kifua, ukingo ukavunjika. Akarudia, ukavunjika tena. Nilimsikia akijisemesha, "Vunja tu, vunja tu." Alikuwa anaelewa kwamba kila kipande kinachovunjika kinamsogeza kwenye barafu nene zaidi.

Nikarusha kamba. Ya kwanza iliangukia pembeni, mbali naye. Nikaivuta, nikarusha tena, ikapita juu ya mkono wake. Wakati huo vidole vyake havikuwa vinafunga tena, hivyo hakuishika; aliizungushia mkono wote, ikapita chini ya kwapa na kukamatwa kwenye kiwiko. Ukiwa na nafasi, funga kitanzi kikubwa kwenye ncha ya kamba kabla hujaondoka nyumbani, kwa sababu ya vidole hivyo. Nilipovuta, mimi ndiye niliyeteleza kumfuata. Ndipo nikakita msumari wangu mmoja kwenye barafu, nikajishikilia nao, na kuvuta kwa mkono mwingine. Ukingo ukashika. Akapanda, na badala ya kuinuka akabingirika, tukatambaa wote mpaka tulipoupita kabisa mchirizi wa sleji.

Na kama asingeweza kupanda? Hili pia alikuwa akilisema kila mara: zikiisha nguvu, laza mikono yote miwili juu ya barafu na utulie. Nguo zilizolowa zitagandana na barafu, na hata fahamu zikipotea mwili utabaki umeshikiliwa, kichwa juu ya maji, huku msaada ukija.

Watu wengi wakisikia kisa hiki wanapumua mtu anapotoka majini. Kwangu mimi hofu kubwa ilianzia hapo. Palikuwa na upepo na mwendo wa kurudi garini. Maji huondoa joto mwilini kwa kasi ya mara nyingi kuliko hewa, na nguo zilizolowa zinaendelea na kazi hiyo ukiwa nchi kavu. Suruali yake ikaganda ikawa haikunjiki. Alitembea, namshukuru Mungu, lakini akijikwaa, na maneno yake yakaanza kuvutana. Aliniuliza sleji iko wapi. Nikamjibu. Akaniuliza tena.

Simu yangu ilikuwa mfuko wa nje na ilikuwa imezimika. Baridi hudhoofisha betri hata ikiwa na chaji. Nikaiingiza ndani ya shati, kwenye ngozi. Tulipofika garini funguo zilikuwa kwenye mfuko wa suruali yake, nyuma ya zipu iliyoganda. Kisu kilikuwa kwenye mkanda wangu. Nikauchana mfuko. Nguo za akiba, ambazo kaka hakuwahi kusafiri bila nazo, zilikuwa ndani ya sleji, chini ya ziwa.

Nikamvua kila kilicholowa, nikamvika fulana na sweta langu la ndani, nikamfunika kwa kilichokuwemo garini, nikawasha kipasha joto. Alitaka kusuguliwa mikono. Usimsugue mtu aliyepoa hivyo, wala usimpe pombe, ambayo inalipeleka joto la mwili kwenye ngozi likapotea. Anza na kifua na kwapa, mikono na miguu itafuata. Akiwa macho na anaweza kumeza, mpe kinywaji vuguvugu chenye sukari. Alikuwa anatetemeka kwa nguvu kiasi cha meno kugongana, na mimi nilikuwa naomba aendelee, kwa sababu kutetemeka ni mwili unaojipasha joto. Mtu anayeacha kutetemeka huku bado ni baridi na akili inampotea, huyo yuko hatarini sana. Mlaze, mshike kwa upole, moyo wake unaweza kuvurugika kwa mtikiso tu.

Simu ikawaka. Nikapiga namba ya dharura, ambayo ni 112 Ulaya na 911 Marekani na Kanada, na swali la kwanza likawa mko wapi. Ziwa nililijua jina, lakini lile ni ziwa lenye njia nyingi za kushukia. Andika jina la njia unayoshukia, au alama zake kwenye ramani ya simu, kabla hujaondoka, na mwachie mtu mwingine pamoja na saa unayotarajia kurudi. Walikuja, wakamchukua, akaangaliwa usiku kucha na kuruhusiwa.

Vifaa vilivyopotea vilikuwa vya thamani, na ilituchukua muda kuvirudisha kimoja kimoja. Vidole vya mkono wake mmoja havikupatana tena na baridi. Lakini kilichotuelemea zaidi ni ukimya. Majuma yaliyofuata hatukuzungumza habari ile. Mimi nilikuwa nikilala naisikia pumzi ile ya kwanza, naamka nimekaa. Yeye, mkewe aliniambia, alikuwa anawasha taa usiku na kukaa nayo. Siku moja alinipigia simu akaniambia, "Mdogo wangu, njoo tuiongee yote." Tukaiongea hatua kwa hatua, kila mmoja akisema alichoona na alichoogopa, na baada ya hapo usingizi ukaanza kurudi. Aliyepitia jambo kama hili asikae nalo. Atafute yule waliyekuwa pamoja, au mtaalamu wa kusikiliza, mapema.

Msimu uliofuata tulirudi barafuni, na taratibu zake zilikuwa zimebadilika. Mtaimbo haukutoka tena mkononi mwa anayetangulia. Akichoka, tunasimama wote. Funguo shingoni, ndani ya nguo. Simu kifuani, ndani ya mfuko usiopitisha maji. Nguo za akiba garini, kila siku garini. Alinunua vazi la kuelea, koti na suruali, na alilivaa hata siku ambazo barafu ilikuwa nene mno. Kwenye hema la kuvulia aliacha tundu la hewa wazi juu na chini kila jiko la gesi lilipowaka, kwa sababu kaboni monoksidi, gesi yenye sumu, haina rangi wala harufu, na aliweka kifaa cha kuigundua. Na penye mdomo wa mto hatukurudi.

Alipougua, kisa hiki hakikukoma. Nilimkuta kitandani akimfundisha kijana mmoja wa familia, kalamu mbili mikononi badala ya misumari, anazikita kwenye shuka: mbele, mbele zaidi, sasa miguu. Alikuwa amekonda sana na sauti ilikuwa ndogo, lakini mikono ilijua njia. Namkosa. Msimu wa baridi ukiingia namkosa zaidi.

Sasa wanaokuja kuuliza wanakuja kwangu. Nawafundisha yale yake yote, wakiwa wamelala sakafuni na glavu zao, misumari mikononi. Kisha naongeza kimoja ambacho hakikuwamo katika masimulizi yake, kwa kuwa yeye alikuwa majini na hakukiona vizuri. Kamba yangu ya kwanza ilikosa kwa sababu nilikuwa nimezoea kuirusha nikiwa nimesimama uwanjani. Mtu aliyelala kifudifudi hana bega la kurushia. Hivyo tunatoka nje, tunaweka ndoo tupu kwa umbali wa kama meta 10, na kila mmoja analala chini, na glavu, anarusha na kuvuta na kurusha tena, mpaka kamba ipite juu ya ndoo mara tatu mfululizo. Wengine huchukua alasiri nzima. Hatuendi ziwani kabla.